Katuni za Zamani Mtandaoni: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Wazazi wengi waliokua wakisubiri katuni ya jioni kwenye televisheni ya sebuleni, au ya jirani, leo wanataka watoto wao waione ileile kwenye simu. Kuipata si kazi. Kazi ni kujua kama aliyeiweka hapo ana haki ya kuiweka, na kama mtoto yuko salama anapoitazama. Maelezo haya yanajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi, walezi, walimu wa chekechea na wenye vibanda vya video, hasa Tanzania na Kenya.

HAKI NA SHERIA

Katuni iliyo halali mtandaoni ni ipi?

Ni ile iliyowekwa na mwenye hakimiliki au kwa ruhusa yake, au ile ambayo muda wake wa kulindwa umekwisha. Hakimiliki ni haki ya mtunzi, au kampuni iliyokabidhiwa kazi hiyo, kuamua nani ainakili, aiuze, airushe au aionyeshe hadharani. Bei haihusiki: ziko za bure zilizo halali, na ziko za kulipia zinazouzwa na mtu asiye na haki nazo.

Katuni ikizeeka, si inakuwa mali ya kila mtu?

Inaweza kuwa hivyo, lakini uzee pekee hautoshi. Tom and Jerry ilianza mwaka 1940 na mmiliki wake leo ni Warner Bros. Nchini Marekani filamu za enzi hiyo ambazo haki zake zilitunzwa ipasavyo hulindwa kwa miaka 95, kwa hiyo katuni ya kwanza ya paka na panya hao itakuwa huru huko tarehe 1 Januari 2036.

Milki ya umma maana yake nini?

Ni hali ya kazi ambayo muda wake wa ulinzi umekwisha, hivyo mtu yeyote anaweza kuitazama, kuinakili au kuisambaza bila kuomba ruhusa. Nchini Marekani kazi nyingine huingia katika milki hiyo kila Januari mosi. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Steamboat Willie, katuni ya Mickey Mouse iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928.

Basi Mickey Mouse sasa ni wa bure?

Habari hiyo ni nusu ya kweli. Kilichoachiwa ni filamu yenyewe na sura ya Mickey kama alivyochorwa wakati huo; sura zake za baadaye bado zina ulinzi. Disney pia ina alama ya biashara, yaani jina au picha inayomtambulisha mwenye bidhaa sokoni, na ulinzi wake hauishi kwa sababu hakimiliki ya filamu moja imekwisha.

Zipo katuni maarufu ambazo tayari zimekuwa huru?

Zipo. Filamu 17 za katuni za Superman zilizotengenezwa kati ya mwaka 1941 na 1943, na filamu ndefu ya Gulliver's Travels ya mwaka 1939, ziko katika milki ya umma nchini Marekani. Wamo pia Popeye akipambana na Sindbad (1936) na akipambana na Ali Baba (1937), visa vinavyotoka kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela tunazozijua. Sheria ya zamani ya Marekani ilimtaka mmiliki ahuishe haki yake baada ya miaka 28, na wamiliki wa kazi hizi hawakufanya hivyo.

Sheria za Tanzania na Kenya zinasemaje?

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote mbili hulinda kazi za sauti na picha, yaani filamu na video, kwa miaka 50 tangu zitengenezwe au zitolewe kwa umma. Lakini ndani ya katuni moja mna muziki, michoro na hadithi, na kila kimojawapo kinaweza kuwa na muda wake wa ulinzi. Kabla ya kufanya biashara na katuni ya zamani, uliza kwanza.

Imekuwaje kazi moja iwe huru nchi hii na isiwe huru nchi ile?

Kila nchi huweka muda wake, mradi usipungue kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa mataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii. Mfano ni filamu ya vivuli kuhusu Mwanamfalme Achmed, aliyoikata kwa mkasi na karatasi Mjerumani Lotte Reiniger na kuitoa mwaka 1926. Nchini Marekani filamu hiyo imekuwa huru tangu mwaka 2022. Ujerumani huhesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa kuwa Reiniger alifariki mwaka 1981, huko italindwa hadi mwisho wa mwaka 2051.

WAPI PA KUTAFUTA

Nianzie wapi kama sina fedha ya kulipia?

Anza na chaneli rasmi za wamiliki kwenye YouTube. Chaneli ya WB Kids huweka vipande vya Tom and Jerry na Looney Tunes, na Pink Panther, ambaye filamu zake fupi zilianza mwaka 1964, naye ana chaneli yake rasmi. Hulipi chochote zaidi ya bando, kwa sababu mmiliki hupata kipato chake kutokana na matangazo.

Nitaijuaje chaneli rasmi?

Fungua ukurasa wa maelezo ya chaneli usome ni kampuni gani inaimiliki, kisha angalia kama tovuti ya kampuni hiyo nayo inaitaja. Alama ya tiki pembeni ya jina husaidia, ingawa peke yake si uthibitisho kwamba kila video ina ruhusa. Dalili za chaneli ya mashaka ni picha iliyogeuzwa kushoto kulia, sauti iliyoharakishwa, au fremu nene iliyozunguka picha. Hizo ni mbinu za kukwepa mitambo inayotambua video zilizoibwa.

Kuna hazina nyingine za bure?

Ipo Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo tovuti yake ina maelfu ya filamu za kutazama bila malipo. Miongoni mwake ni The Cat Came Back ya mwaka 1988, kisa cha mzee anayemfukuza paka asiyekubali kufukuzwa. Sehemu kubwa ya kichekesho hicho iko kwenye matendo, kwa hiyo hata mtoto asiyejua Kiingereza atacheka.

Na Internet Archive?

Hii ni maktaba ya kidijiti iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, na ni mahali pazuri pa kuzipata katuni zilizo katika milki ya umma. Kumbuka tu kwamba watumiaji wa kawaida nao huweka vitu humo, na si wote hukagua haki kwanza. Soma maelezo ya hadhi ya kisheria yaliyo chini ya filamu, na kama hayapo, usichukulie kuwa ni huru.

Huduma za kulipia kwa mwezi zikoje?

Netflix inapatikana Tanzania na Kenya tangu Januari 2016 na ina sehemu maalumu ya watoto. Disney+, yenye katuni nyingi za Disney za zamani, ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2022 na mwaka huohuo ikafika Oman na nchi nyingine za Ghuba, lakini Kenya na Tanzania hazikuwamo katika uzinduzi huo. Kabla ya kulipia huduma yoyote, fungua tovuti yake rasmi uhakikishe inatolewa nchini kwako na katuni unayoitaka imo.

Tunaoishi Marekani au Uingereza tuna njia gani?

Tubi huonyesha filamu na katuni bila ada katika nchi hizo mbili, kwa kutegemea matangazo. Nchini Marekani, maktaba nyingi za umma huwapa wanachama nafasi ya kutumia Kanopy, yenye sehemu ya watoto, kwa namba ya kadi ya maktaba tu. Uliza maktaba ya mtaani kwako. Mara nyingi kadi yenyewe haina malipo.

Ninataka mtoto atazame kwa Kiswahili. Zipo?

Zipo, na zimetengenezwa hapa hapa. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, na ndugu yake Akili and Me hulenga watoto wadogo zaidi. Zote zina chaneli rasmi za YouTube. Anayetaka visa vya wanyama vya Kiafrika atafute pia Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010, iliyochorwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa picha ulioasisiwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga.

Mbona katuni niliyoiona mwezi jana imetoweka?

Huduma nyingi hazimiliki katuni zinazoonyesha. Zimekodi haki kwa leseni, yaani ruhusa ya maandishi yenye muda na mipaka ya nchi. Leseni ikiisha, katuni huondolewa, na baadaye inaweza kurudi au kuhamia kwingine. Ikiwa unaipenda sana, kununua DVD halisi kutakuondolea wasiwasi huo.

UVUMI UNAOSIKIKA

"Kama ipo YouTube, basi ni halali."

Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa jukwaa lenyewe ni halali. Lakini YouTube haikagui haki za kila video kabla haijapanda. Mara nyingi mmiliki ndiye hulalamika baadaye, na video hushushwa. Kilicho halali ni video iliyowekwa na mwenye haki, si kila kilichomo.

"Ukiandika kwamba hudai haki yoyote, huna kosa."

Maneno hayo huonekana chini ya video nyingi, na wanaoyaandika pengine wana nia njema. Hata hivyo hayachukui nafasi ya ruhusa, kama vile kumtaja mwenye shamba hakukupi haki ya kuvuna mahindi yake. Kinachohitajika ni ruhusa ya mwenye haki, au kifungu cha sheria kinachoruhusu matumizi hayo.

"Ukiwa na VPN unaweza kutazama huduma ya nchi yoyote."

VPN ni programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni, na ina matumizi mengi halali, hasa ofisini na benki. Kuitumia ili kuingia kwenye huduma isiyotolewa nchini kwako mara nyingi huvunja masharti ya huduma hiyo, na akaunti uliyoilipia inaweza kufungwa. Kwa walioko Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wanapaswa kuzisajili.

"Mzazi atakamatwa kwa sababu mtoto ametazama katuni ya wizi."

Hofu hii imepita kiasi. Uzito wa sheria uko kwa wanaonakili, wanaouza, wanaosambaza na wanaoonyesha hadharani bila ruhusa. Hata hivyo, kupakua, yaani kuhifadhi nakala kwenye simu au kompyuta, si sawa na kutazama tu, na kuigawa nakala hiyo kwa wengine ni kuisambaza.

KUONYESHA MBELE YA WATU

Nina akaunti niliyoilipia. Naweza kuitumia kwenye kibanda cha video, basi au shule?

Kwa kawaida hapana. Ada ya mwezi hununua ruhusa ya kutazama nyumbani na familia. Kuonyesha hadharani ni haki nyingine, na huombwa kwa mwenye kazi. Kibanda cha video kina wajibu mwingine pia: nchini Kenya vibanda husimamiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), na Tanzania Bara na Bodi ya Filamu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nifanyeje?

Chagua katuni iliyo katika milki ya umma, au mwandikie mwenye kazi umwombe ruhusa ukieleza umri wa watoto na lengo la somo. Watengenezaji wa vipindi vya elimu wana sababu nzuri ya kukusikiliza, maana vipindi hivyo vimetengenezwa vifike darasani. Hifadhi jibu la maandishi utakalopewa.

Vipi kuhusu flashi na CD zilizojazwa katuni dukani?

Anayejaza flashi kwa malipo anauza nakala, na anahitaji ruhusa ya mwenye kazi hata kama anatoza shilingi chache. Hali ni hiyohiyo kwa anayeongeza sauti ya tafsiri juu ya filamu ya mwingine: kipaji ni chake, ila haki ya kutafsiri ni ya mmiliki. Mwenye duka anayetaka kufanya kazi hii kihalali aanzie kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar, au KECOBO nchini Kenya.

USALAMA WA MTOTO

Tovuti za katuni za bure zina hatari gani?

Tovuti nyingi zinazorusha kazi za wizi hupata fedha kwa matangazo yasiyochujwa, na mtoto akibonyeza kitufe kibaya anaweza kutupwa kwenye kamari au picha za utupu. Nyingine hukutaka uweke programu kutoka nje ya duka rasmi la simu, au utoe namba ya kadi "kuthibitisha umri". Katuni ya bure haihitaji namba yako ya siri. Ukiombwa, funga ukurasa.

Nimesikia kuna katuni za kuiga zinazotisha watoto. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2017 ziligunduliwa kwenye YouTube video nyingi zilizotumia sura za wahusika wanaopendwa, akiwamo Peppa Pig, huku ndani mkiwa na ukatili na mambo yasiyofaa, na kampuni ikaanza kuziondoa. Picha ya mbele haitoshi kukutuliza: tazama dakika za mwanzo mwenyewe, kisha zima uchezaji wa kujiendesha, ule unaoleta video nyingine bila kuulizwa.

Taarifa za mtoto wangu zinakusanywa?

Huduma za mtandaoni hurekodi kinachotazamwa. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi, na tangu Januari 2020 video zilizotambulishwa kuwa za watoto hazina maoni wala matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji. Tumia wasifu wa watoto au YouTube Kids, na usiandike jina kamili la mtoto wala shule yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; zote mbili zinamhusu mtoto pia.

Katuni zote za zamani zinamfaa mtoto?

Hapana. Baadhi zilimchora mtu mweusi kwa dharau, na mwaka 1968 katuni 11 za Warner Bros. ziliondolewa kwenye mzunguko kwa sababu hiyo. Ukikutana na sehemu ya namna hiyo, simamisha picha na umweleze mtoto kwa utulivu kwamba wachoraji walikosea. Maelezo ya mzazi hubaki kichwani muda mrefu kuliko picha.

Atazame kwa muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja na chini ya hapo. Kwa wenye miaka 2 hadi 4, unashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Nyingi ya katuni fupi za zamani ni za dakika sita hadi nane, kwa hiyo ni rahisi kukubaliana na mtoto: mbili, kisha tunaenda kucheza.

Bando langu litatosha?

Inategemea ubora wa picha. Netflix, kwa mfano, hutumia takriban MB 300 kwa saa katika kiwango cha chini, MB 700 katika kiwango cha kati, na hadi GB 3 kwa picha kali. Ukichagua kiwango cha kati, katuni ya dakika saba itakula takriban MB 80, na kwenye skrini ya simu mtoto hataona tofauti kubwa.

Nikikuta jambo baya, niripoti wapi?

Kwanza tumia kitufe cha kuripoti kilichopo kwenye video yenyewe. Ukipata ujumbe wa utapeli nchini Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Ikiwa mtoto ametishwa, ametumiwa picha chafu au anafuatwa na mtu asiyemjua, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto inayotumika Tanzania na Kenya.

KABLA HUJABONYEZA

Mzazi hahitaji kuwa mwanasheria ili kumwekea mtoto katuni. Ajiulize swali moja tu: nani ameiweka hapa? Jibu likiwa ni mwenye kazi, aliyeruhusiwa naye, au maktaba inayoeleza wazi kwamba kazi hiyo ni ya milki ya umma, endelea. Jibu likikosekana, iache na utafute nyingine. Na kwa mara ya kwanza, keti utazame pamoja na mtoto.